Swali la Kipepeo na Kidukari

Jumatatu, 6 Novemba 1972
Nimechuma sukuma wiki. Vidukari tena, wadudu wadogo nyuma ya kila jani. Mwanangu Kemunto mgongoni, kitabu cha baolojia kando ya jiko. Niliacha shule nilipoolewa. Ijumaa nafanya mtihani wa baolojia wa kidato cha nne kule Nyamache. Mume wangu, aliye kazini Kericho, amekubali mwaka huu tu. Mwakani hakuna.

Jumatano, 8 Novemba
Kemunto ana joto. Hanyonyi. Sikusoma kitu. Nilimbembeleza shambani, macho kwenye vidukari. Mmoja alikuwa anazaa. Si yai. Mtoto mzima, mwenye miguu. Nikasahau hofu kidogo. Ikarudi.

Alhamisi, 9 Novemba
Zahanati wametupa dawa ya malaria. Bado anachemka. Nimemwambia mama mkwe siendi. Akasema, "Utaenda. Nitambeba, nitakaa nje ya dirisha. Akitaka ziwa nitakuita."
Nimelia. Nauchukia mtihani. Najichukia kwa kuutaka.

Ijumaa, 10 Novemba
Imekwisha!
Swali la pili: linganisha kipepeo na kidukari. Nilitaka kucheka. Wote hunyonya. Kipepeo ana mrija wa kujikunja, hunywa utamu wa ua. Kidukari ana mdomo kama sindano, hudunga mmea na kuufyonza hadi majani yajikunje. Kipepeo hutaga, huwa kiwavi kwanza, kisha bundo, katulia ndani ya ganda, ndipo apate mabawa. Kidukari huzaa watoto wanaofanana naye.
Hapo nikamsikia Kemunto analia nje. Maziwa yakanitoka, gauni likalowa. Nikanyoosha mkono. Msimamizi, mzee wa miwani, akaona, akageuza uso.
"Nenda, mama. Ila saa sitaisimamisha."
Nilimkuta mtoto ana jasho, mwili umepoa. Akanyonya kwa pupa. Mama mkwe alikuwa anacheka peke yake. "Joto limemtoka ulipokwisha kuingia," akasema, "nikanyamaza usije ukatoka bure."
Nikarudi. Nikaandika mpaka kengele. Hakuna swali nililoruka.

Sabato, 11 Novemba
Kemunto alilala ibada nzima. Matokeo yatakuja yakija. Mchana mama mkwe amenipakulia ndizi alizopika jana kabla ya Sabato kuingia, akamchukua mtoto, akatoka naye uani. Nimekula polepole, mikono yote miwili ikiwa yangu.