Sumu ya Redioni na Uaskari wa Hamisi

Mama Hamisi,

Marahaba, ingawa najua hukukumbuka kuniamkia. Nipo Newala kwa mama yako mdogo. Ukungu wa huku ni uleule, na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, bado ni mitamu kama enzi za usichana wetu.

Jana redio ya dukani ilitaja nchi zenye mabomu ya moshi wa sumu na ya maradhi. Mnunuzi wa korosho akasema, "Zipigwe kwanza, kabla hazijatupiga!" Mzee mmoja aliyepigana Burma akamuuliza, "Utakwenda wewe, au mtoto wa mwenzio?" Mnunuzi akajifanya anahesabu magunia yake. Nikamwambia, "Jibu basi, baba, au ulimi umeuacha kwenye gunia?"

Nikakumbuka vita vya Mjerumani. Mimi na mama yako mdogo tuliteremka bondeni kuchota maji, tukaambiwa askari wametia sumu kisimani. Wao walikwisha kwenda zao, kiu ikabaki kwetu. Tulipanda mlima na mitungi mitupu, tukiimba ili tuisahau kiu.

Sasa huyo Hamisi wako anayetaka uaskari, mwambie bibi yake amekataa. Akinichukia, anichukie yu hai.

Nawaombea afya wote hapo Chiwata.

Mama yako