Ndoo ya Chumvi ya Ng'ombe

Mama, shikamoo.

Mwaka wa saba sasa nakusalimu na hakuna wa kuniambia marahaba. Leo lakini nimeshindwa kunyamaza. Nipo kwenye benchi la wodi hapa Haydom, karatasi nimeomba kwa nesi.

Unaikumbuka glasi yako ya Jumapili? Ulitukalisha watoto kwenye nyasi nje ya kanisa letu kule Masakta, ukatia kijiko cha chumvi kwenye maji, ukakoroga. "Haya, chumvi iko wapi?" Mimi na ujuaji wangu nikadakia, "Imekufa, Mama!" Wenzangu wakanicheka mpaka wakagaragara. Ukanipa nionje. "Imekufa?" Nikakunja uso. "Ipo." Ukasema ndivyo upendo wa Yesu unavyokaa ndani ya mtu: huuoni kwa macho, ila ukiishi naye utaujua. Mimi ni wa darasa la saba, Mama, mengi yamenitoka, hilo halijanitoka. Ulipoondoka nilirithi watoto wako wa Jumapili pamoja na glasi yako.

Jumapili hii niliwafundisha vilevile. Neema, mjukuu wangu, huyu kitukuu wako ambaye hukumuwahi, alionja mara tatu, akawatambia wenzake: "Mnaona? Kisichoonekana kipo!" Nikamshukuru Mungu kwa akili yake.

Sasa sikiliza kosa langu. Ile ndoo ya bluu isiyo na mkono, tunayowekea chumvi ya ng'ombe, ilikuwa tupu. Mvua zimeanza, paa la stoo linavuja, mfuko wa urea wa mahindi ukaanza kulowa. Kwa haraka nikaimimina mbolea kwenye ndoo ile. Nikajiambia nitaihamisha kesho. Kesho yake nikaenda kupalilia.

Niliporudi mchana, zizi lilikuwa kimya. Hakuna ndama aliyenililia. Wote wawili walikuwa wamelala ubavu, matumbo yamejaa, povu mdomoni. Maji kwenye birika lao yalikuwa safi, Mama, unaona mpaka chini. Pembeni alisimama Neema na kijiko.

"Umewapa nini?"

"Chumvi yao, Bibi. Nimekoroga mpaka imepotea." Akafikiri kidogo. "Ila hii ya leo chungu. Na maji yamekuwa ya baridi."

Nikampokonya kijiko. "Kwani umeonja?"

"Si ulisema tuonje?"

Tulipanda bodaboda, nimemfunga mgongoni kwa khanga kama mtoto mchanga. Njiani alinitapikia shingoni mara mbili. Nilitaka kusali, nikabaki nasema jina lake tu. Daktari hajui amekunywa kiasi gani. Amesema anywe maji, mengi, na tusubiri. Hajasema atapona. Nimemtazama sana mdomoni nisikie neno hilo, hajalisema.

Miaka yote hii tumewaambia watoto kwamba kisichoonekana kipo. Ni kweli, naamini hata sasa. Lakini hatukuwaambia kwamba na sumu hukaa hivyohivyo, kimya, ndani ya maji safi. Mungu akinirudishia huyu mtoto, nitawaambia kwanza waulize nani ametia, na ametia nini. Glasi yako sitaivunja.

Ameamka sasa hivi. Midomo imempasuka kwa kiu. Nimempa kikombe, amekichungulia.

"Bibi, kuna nini ndani?"

"Maji tu, mama."

"Hata yale yalikuwa maji tu."

Amefunga mdomo. Nimembembeleza, nimemtajia jina la Yesu, amegeukia ukutani. Mwishoni akasema, "Onja wewe kwanza."

Nimeonja, Mama. Nimekunywa nusu kikombe mbele ya macho yake. Hajakipokea. Amelala ubavu ananitazama, anasubiri kuona kama na mimi nitaanguka kama ndama.

Pumzika, Mama. Mimi naendelea kukaa wima, ili aone.

Mwanao, uliyemwonjesha wa kwanza.