Bangili ya Kuongeza Protoni

Dada Rehema, shikamoo. Huku Kariakoo tu wazima, jua tu ndilo linalotukaanga.

Jana nilimsindikiza Shangazi sokoni, tukamkuta muuzaji mwenye kipaza sauti akinadi bangili zinazoongeza protoni mwilini. Alisema ukiivaa, presha kwaheri. Shangazi akavaa moja palepale, akaniambia vidonge vyake nivitupe.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu: protoni zimekaa na nyutroni ndani ya kiini cha atomu, elektroni ziko nje zinazunguka, na hakuna bangili inayozifikia huko ndani.

Muuzaji akanikatiza, "Mwalimu, hizo ni protoni za mtaala wa zamani."

Watu wakacheka, wakazidi kununua.

Basi nikamnong'oneza Shangazi, "Atomu ya dhahabu ikiongezewa protoni moja tu, inakuwa zebaki."

Akaitazama pete yake ya ndoa, akaivua ile bangili kama inamuunguza. Muuzaji, kumbe alinisikia, aliendelea kunadi, ila nilimwona akivua mkufu wake wa dhahabu taratibu na kuutia mfukoni.

Shangazi anakusalimu sana, na leo amemeza kidonge chake. Nibusie watoto.

Mdogo wako, Hamisi