Hatua za Baada ya Kugeuka

S.L.P. 41,
Zoria, Alberta.
19 Oktoba 2023.

Mpendwa dada Daria,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, shemeji Angus, na huyo kichanga wenu ambaye bado sijampakata? Mgongo wako je, umepoa, au huko Hobart, Australia, nako baridi inauma? Sisi wazima. Mimi ni uchovu tu. Curtis yuko kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko, moja nyumbani. Theo anaota magego na hataki kuwekwa chini. Zenia amefika kwenye hesabu za kugawanya namba ndefu, ambazo inabidi nijifunze kwanza mwenyewe ndipo nimfundishe.

Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne ikayeyuka. Nilipotoa mabuti ya baridi nikakuta na yale yako mekundu ya ngoma. Zenia aliyavaa siku nzima, hata mezani. Bado yanampwaya.

Jumamosi tulikuwa ukumbini tukikunja pyrohy, zile sambusa zetu za viazi, za mauzo ya baraza la wazazi. Hilo halijabadilika: sisi tunaosomesha watoto nyumbani, bodi ya shule inatupa vitabu na mwalimu wa kutukagua mara mbili kwa mwaka, basi. Kuogelea, muziki, ngoma, vyote vinatoka kwenye viazi na vidole vyetu. Kiti chako cha karibu na jiko kilikaa wazi mpaka mtu akaweka sufuria juu yake. Nikaiondoa.

Baada ya kufagia unga tukakaa kikao cha kugawa fedha. Sharti ni lile lile: kila kundi liwe na watoto wanane, na mtu mzima wa kusaini kwamba ataongoza. Watoto wa ngoma walikuwa wanane kamili. Wa kuongoza hakuna, tangu uondoke.

"Haya, nani anasaini?" akauliza mwenyekiti wetu, Mama Noreen. "Msinitazame mimi, magoti yangu yalishastaafu."

Glen, yule mwenye ndevu na wana watano, akadakia: "Basi fedha ziende kwenye safari za kuteleza kwenye theluji. Basi lina dereva. Ngoma haijifundishi yenyewe."

"Wewe Glen, ukiteleza unaanguka kama gunia," Mama Noreen akamjibu, watu wakacheka. Kisha akanigeukia. "Tamara, mwanangu, mwandikie dadako arudi. Huko Hobart ana nini ambacho hapa hakuna?"

Alitania, lakini wote walikuwa wakisubiri jibu langu. Zenia alikuwa mlangoni na wenzake, bado kavaa mabuti yako, anachungulia. Unajua huyu mtoto anakaa na mimi na mdogo wake siku nzima. Hiyo saa moja ya ngoma ndiyo saa yake ya kuwa na wenzake. Ikienda, imekwenda mpaka mwakani.

Dada, nisikufiche, moyo wangu ulisema: mwandikie. Nimekuhitaji mwaka huu kuliko nilivyokuambia kwenye simu. Lakini nikasema, "Dada yangu ana mtoto mchanga na nyumba yake. Simwiti. Leteni karatasi nisaini mimi."

"Wewe?" akasema Glen. "Si ulikuwa unacheza nyuma kila siku?"

"Nyuma ndiko mtu anaona," nikamjibu.

Nilijibu kwa ukali, lakini Jumatano mazoezini nikaona Glen alikuwa na haki yake. Niliwapanga wanane wale, Zenia nyuma yangu, tukaanza ile ngoma yetu ya mstari ya sikukuu ya Mwaka Mpya wa kalenda ya kale, ambayo Januari tutaionyesha mbele ya kijiji chote. Tulikwenda vizuri, dada! Miguu yangu ilikumbuka yote. Tukafika pale mstari unapogeuka, nikasimama kama mti.

"Mama, sasa tunaenda wapi?" akauliza Zenia.

Nikawaambia wakanywe maji.

Nilisimama peke yangu katikati ya ukumbi, ndipo nikaelewa. Tangu nina miaka sita nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, nyuma yako. Sikujifunza ngoma, nilijifunza visigino vyako. Tukishageuka, wa mwisho ndiye wa kwanza: mbele nilikuwa mimi, na wewe ulikuwa nyuma yangu ukininong'oneza kila hatua mpaka mwisho. Miaka yote ile nilidhani naijua.

Kwa hiyo usije. Nakuambia kwa moyo wote, kaa na mtoto wako. Ila niandikie ulichokuwa ukininong'oneza, neno kwa neno, hata yale matusi uliyonitukana nikikosea. Barua ikifika kabla ya Desemba inatosha. Kwa sasa watoto wanarudia nusu ya kwanza, na wameanza kunishuku kwa haya maji ya kila mara.

Mama anakusalimu, anasema mtoto avalishwe kofia. Curtis anamsalimu shemeji. Zenia anauliza kama mabuti sasa ni yake. Nimemwambia akuulize wewe.

Mungu akulinde na watu wako wote, na aniweke hai mpaka siku nitakapompakata huyo mtoto.

Mdogo wako akupendaye, anayesikiliza bado nyuma ya bega,
Tamara.