Kadi Tisa za Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa swali ambalo nimeshindana nalo kwa miezi minane: je, mdogo wangu ni mtu mmoja aliyeumia, au ni watu kadhaa katika mwili mmoja, na je, yawezekana hao wengine nimewaleta mimi?

Mimi ni mkutubi wa chuo, na mdogo wangu ni fundi cherehani katika karakana ya sare za shule, ambaye tangu ndoa yake ivunjike anaishi kwangu pamoja na bintiye wa miaka sita, na mwanzoni yalikuwa mambo madogo tu, mara kasahau alichosema asubuhi, mara anazungumza kwa sauti ya kitoto, mara anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto ilhali yeye hutumia wa kulia, hata nikampeleka kwa daktari wa akili, naye akasema nafsi yake imegawanyika kwa mateso ya utotoni, mateso ninayoyajua kwa kuwa tulilala chumba kimoja, akaniagiza niandike kila nafsi inapojitokeza. Nikaandika kama nijuavyo kuandika: kadi moja kwa kila mmoja, jina, umri, sauti, anachokichukia, zote kwa mpangilio wa alfabeti katika kisanduku juu ya kabati, na kila asubuhi nikimpa chai namwuliza, "Leo naongea na nani?" Mwezi wa kwanza kadi zilikuwa tatu. Mwezi wa sita zikawa tisa.

Daktari wa pili, niliyemwendea baadaye, aliniambia kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana: wapo wanaouona ugonjwa huu kuwa jeraha halisi, na wapo wanaosema ni umbo ambalo jeraha hupewa na maswali ya matabibu na jamaa. Nilikasirika. Nilirudi nyumbani kukusanya ushahidi wa kumtetea daktari wa kwanza, na ndipo nilipoitazama kadi ya saba. Niliiandika Jumatatu kwa kukisia tu, nikidhani lazima awepo mmoja asiyemtambua mtoto. Alijitokeza Alhamisi. Kisanduku hakina kufuli, mshauri, na mdogo wangu anajua kusoma.

Jumamosi iliyopita nilirudi adhuhuri nikamkuta binti amekaa ngazini, kiatu cha kulia mguu wa kushoto. "Mama mkubwa," akaniambia, "nimeambiwa nirudi kwetu." Ndani mama yake alikuwa akipiga pasi. Nilimwuliza kwa nini amemtoa mtoto nje. "Mtoto gani?" akasema, na pasi haikusimama.

Alipotulia nilimweleza maneno ya madaktari wote wawili. Akajibu taratibu, "Dada, ukisema hawapo, mimi ni mwongo. Ukisema wapo, basi mimi ni nani? Chagua, ila usiniulize tena asubuhi, nachoka kutafuta jibu." Sasa anataka kuhama na bintiye mwisho wa mwezi. Nikimzuia nimemhukumu kwa jambo ambalo hata wasomi wanabishania. Nikimwacha, naogopa siku ambayo mtoto atatolewa nje na asiwepo wa kurudi adhuhuri.

Mwenye Kisanduku

*

Mwenye Kisanduku, pole, na hofu yako ni ya haki. Lakini nikugombeze kidogo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema mtu aulizwe yeye ni nani kila siku kabla hajanywa chai. Umemwainisha nduguyo kama kitabu, kisha unashangaa kurasa zinaongezeka.

Unataka kujua kama watu ni tisa kabla hujajua nani anamwangalia mtoto mmoja. Anza na mtoto. Mwambie mdogo wako ana kwa ana, bila kumficha, kwamba binti hatahama naye wala kubaki naye peke yake mpaka daktari aridhike. Atalia, pengine atakutukana. Vumilia, na mlango wako uwe wazi kwake siku zote. Ikitokea sauti yoyote ikatishia kumdhuru yeye au mtoto, usingoje miadi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Kadi usizichome. Zipeleke zote kwa madaktari, na ya saba uitaje kwa kinywa chako: niliandika Jumatatu, akaja Alhamisi. Itakuuma, lakini bila hiyo wanatibu gizani. Kisha chagueni daktari mmoja, na mdogo wako achague pamoja nawe, maana huyu ni mgonjwa, si kesi ya wewe kushinda.

Asubuhi mwite jina alilopewa na wazazi wenu. Sauti ya kitoto ikija, isikilize, usiiandike. Na mwambie leo kwamba si mwongo: maumivu yaweza kuwa ya kweli hata kama jina la ugonjwa linabishaniwa.

Kama waliokuja mwanzo walikuwapo kabla yako, sijui. Yawezekana wa saba ulimwita. Yawezekana pia alikuwa njiani, nawe unamjua nduguyo kiasi cha kumwona akija. Nimelipima swali hili mara nyingi na kila mara mizani imeniyumbia. Wa kutujibu alikuwa mdogo wako alipokuwa mtoto katika chumba chenu, na wakati ule hakuna mtu mzima aliyemwuliza kitu.