Mikono Miwili ya Kushoto

4 Machi

Kwako Kidoti,

U mzima wewe na mumeo Dereva? Mimi mwili upo, umekaa kitini. Kilichoondoka ni kichwa.

Sikiliza, na usinikatize. Ijumaa mwalimu alikuja kuchukua blauzi yake. Akaivaa mbele yangu: mkono mmoja ukakaa, wa pili ukatazama nyuma. Nimemshonea mikono miwili ya kushoto. Mimi, niliyewavisha watu wa mtaa huu bila futi. Akacheka, akasema, "Bibi, si kitu." Heri angenitukana.

Na si hilo tu. Sufuria zinaungua nikiwa nimekaa hapo hapo. Naingia chumbani, nasimama kama mgeni, sijui nimefuata nini. Mama yangu alianza hivi hivi, akamalizia kwa kuniita dada.

Basi nimeamua. Mwisho wa mwezi cherehani anaichukua binti wa fundi viatu, nami nahamia kwa mama yako, nikae kwenye kochi nitazamwe kama televisheni. Usiandike kunibembeleza.

Bibi yako

11 Machi

Shikamoo Bibi,

Huku tunaendelea, ila mimi uchovu hauniachi.

Sikubembelezi, nakukumbusha tu. Nilikuwa nasimama juu ya kigoda, unanipima kwa shibiri, pini zimejaa mdomoni, na bado unanigombeza: "Simama wima, wewe si kamba." Babu anakushikia kitambaa na kujifanya hasikii. Usiku nalala kwa mlio wa cherehani yako. Mpaka leo nyumba isiyo na mlio ule naiona haina mtu.

Tangu Babu atutoke, unalala vipi? Jioni unakula nini? Nenda kliniki kabla hujagawa kitu. Kusahau si kwako tu. Juzi nimeweka funguo kwenye friji, nikamlaumu Dereva. Na mkate, harufu niliyoipenda miaka yote pale kazini bekari, sasa ukitoka tanurini mimi natoka nje. Mchana nasinzia juu ya magunia ya unga. Uzee wangu nao umeanza.

Mjukuu wako, Kidoti

25 Machi

Shikamoo Bibi,

Mbona kimya? Fundi viatu amempigia mama simu, anasema cherehani haipo tena dirishani na mlango umefungwa. Umeshaigawa? Nimelia mbele ya wateja. Jana nililia pia, eti Dereva kamaliza sukari. Niandikie hata mstari mmoja.

Mjukuu wako

2 Aprili

Wewe,

Acha kulia. Cherehani ilikuwa kwa fundi wa mashine, inatiwa mafuta na mkanda mpya. Fundi viatu angetazama viatu vyake.

Nilikwenda kliniki ili unyamaze. Daktari ni msichana, umri wako. Ananiuliza nalala vipi, nakula nini, naongea na nani. Nikamwambia nimeleta kichwa, si tumbo. Akasema, "Bibi, vimekuja pamoja." Akanipima. Damu imepungua, presha imepanda, na usingizi sina tangu kile kiti cha Babu kiwe kitupu. Jioni nilikuwa nakunywa chai basi. Kumpikia mtu mmoja nilikuwa naona aibu. Nimepewa dawa na kuambiwa nile. Kuhusu kichwa hakuniahidi kitu, anataka kukitazama tena. Lakini sasa nalala, na sufuria haijaungua wiki hii.

Kwenye kifurushi kuna gauni. Kitambaa ni kile cha buluu alichoninunulia Babu, kilikuwa chini ya sanduku. Nimelikata kwa shibiri zile zile. Mbele nimeacha nafasi, na ndani ya mishono nimekunja kitambaa cha ziada, ufumue kila likikubana. Usiniambie nimekosea kipimo. Mkate unakukimbiza, unasinzia juu ya unga, funguo unazilaza kwenye friji, unalilia sukari, halafu unaniambia ni uzee. Mama yako alipokuwa na wewe tumboni alitutilia chumvi kwenye chai, akatubishia. Nenda kapime, umwambie Dereva mwenyewe, asije akasikia kwa fundi viatu.

Mwalimu kachukua blauzi yake. Mikono miwili, kila mmoja na upande wake. Cherehani haitoki hapa. Vipande vya buluu vilivyobaki navitunza, vinamtosha mtu ambaye hajajua kusimama juu ya kigoda.

Bibi yako, na wa huyo mwingine