Vitunguu Vyenye Mpira

Shoga, acha kila kitu usome hapa. Shangazi kaumbuka leo!

Si unajua alivyomtambia mama mkwe wake kuhusu vitunguu vyake vya majani? Vilishaoza zamani kwa kumwagiliwa kupita kiasi. Asubuhi mama mkwe kapiga simu, yuko njiani. Shangazi mbio sokoni, kanunua mafungu sita, kayachomeka kwenye tuta.

Mgeni kainama, kavuta kitunguu kimoja. Likatoka fungu zima. Na mpira wake!!

"Mwanangu, vyako vinaota vikiwa vimefungwa?"

MPIRA, shoga!

Shangazi kasema, "Mbegu za kisasa, mama."

Mama mkwe kacheka mpaka kakaa kwenye tope. "Basi nipe na mimi. Vyangu viliponiozea nilimwambia mumeo vimeliwa na mbuzi."